Kuandika kwa Kumlenga Msomaji: Mwongozo Kamili kwa Wanaoandika Habari za Asali na Kilimo Mkoani Tabora

Mkoa wa Tabora una watu wengi wenye maarifa yanayostahili kuandikwa. Wapo warina asali wa Sikonge na Kaliua, wakulima wa tumbaku wa Urambo, maofisa ugani, walimu, wanawake wanaofungasha asali katika chupa, na vijana ambao kila siku huandika maelezo ya bidhaa, maelekezo ya kazi na taarifa za vikundi vyao. Hata hivyo, maandishi mengi yanayotoka huku yana kasoro moja inayojirudia, nayo ni kuandikwa kana kwamba wasomaji wote ni mtu mmoja. Mrina asali huelezwa kwa aya nzima kwamba nyuki ni mdudu mwenye manufaa, jambo alilolijua tangu utotoni, ilhali mnunuzi wa Dar es Salaam husomeshwa habari za majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega, na za masega yaliyofunikwa bila mtu kumweleza hivyo ni vitu gani.

Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kuulinganisha mtindo wa maandishi na msomaji uliyemkusudia. Nitatumia asali kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ni zao ambalo jambo lake moja huulizwa na watu wa aina nyingi. Anayeandika kuhusu mpunga wa Igunga au safari za treni za kwenda Mwanza, Kigoma na Mpanda anaweza kuifuata njia hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: mtambue msomaji kwa kazi yake

Waandishi wengi wakiulizwa wanamwandikia nani hujibu kwa umri, jinsia au kiwango cha elimu: vijana, akina mama, watu wa darasa la saba. Majibu hayo hayamsaidii mwandishi kuchagua hata neno moja, kwa kuwa ndani ya kundi la akina mama yumo anayerina asali mwenyewe, yumo anayeinunua kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, na yumo karani wa ushirika anayepokea ndoo na kuandika stakabadhi. Wasomaji hao hutofautiana kwa kazi ambayo kila mmoja anataka kuifanya mara baada ya kusoma. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, chukua karatasi na ujibu maswali matatu kwa sentensi kamili.

Swali la kwanza ni hili: msomaji huyu anajua nini tayari kuhusu jambo ninaloliandikia? Hapa ndipo elimu ya darasani inapotupotosha. Mzee wa Sikonge ambaye hakumaliza shule ya msingi anaweza kukueleza ni mti upi unaochanua lini, nyuki huhama wakati gani, na ni mahali gani katika pori mzinga ukitundikwa hukaliwa upesi, ilhali mhasibu wa mjini mwenye shahada mbili huenda hajawahi kulishika sega mkononi. Katika habari za nyuki, mjuzi ni mzee na mwanafunzi ni mhasibu. Mwandishi anayemrahisishia mzee mambo kwa sababu ya shule aliyoikosa humvunjia heshima, na mzee huyo huacha kusoma katika aya ya kwanza. Naye anayemrundikia mhasibu istilahi za ufugaji kwa kuwa amesoma, humpoteza vilevile. Mimi nalihesabu kosa hili kuwa kubwa kuliko makosa ya sarufi, kwa sababu sarufi mbaya msomaji huivumilia, lakini kudharauliwa havumilii.

Swali la pili ni kwamba, baada ya kusoma, msomaji atafanya nini. Jibu lake liwe tendo linaloweza kuonekana. Ukiandika kwamba atapata uelewa au atahamasika, bado hujajibu. Majibu yanayofaa ni kama haya: ataacha mzingani masega ambayo hayajafunikwa, atanunua chupa ya asali na hatairudisha itakapoganda, atapitisha ombi la kikundi la kununuliwa kipimo cha unyevu. Ukishaliandika tendo hilo, utaona kwamba nusu ya mambo uliyotaka kuyasema hayachangii lolote katika kulifanikisha, na unaweza kuyaacha bila majuto.

Swali la tatu ni mahali na namna ya kusoma. Ofisa wa halmashauri husoma mezani akiwa na majalada mengine, na mara nyingi hupitia aya ya kwanza na tarakimu kisha akaamua kama ataendelea. Mnunuzi husoma kwenye kioo kidogo cha simu huku akifanya jambo jingine. Katika vikundi vya vijijini ni kawaida mtu mmoja mwenye simu au karatasi kuwasomea wenzake wanaosikiliza, na hali hiyo hubadili uandishi kuliko wengi wanavyodhani. Nitaieleza katika hatua ya saba.

Hatua ya pili: liandike jambo lenyewe kwa sentensi moja

Kabla ya kufikiria mtindo, andika sentensi moja inayosema ukweli unaotaka kuufikisha, kwa mfano: asali kuganda si dalili ya kuchanganywa na sukari. Sentensi hiyo haibadiliki kwa ajili ya msomaji yeyote. Ukishindwa kuiandika, tatizo haliko katika mtindo. Rudi kwa wajuzi wa jambo hilo ukaulize kwanza.

Hatua ya tatu: chagua yaliyomo kabla ya kuchagua maneno

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami nataka tuikalie kwa muda. Watu wengi hufikiri kwamba kumlenga msomaji ni kuyachukua maandishi yaleyale na kubadili maneno magumu yawe mepesi. Ukweli ni kwamba wasomaji wawili wa jambo moja wanahitaji taarifa tofauti, na maneno hufuata nyuma.

Tuanze na ukweli wenyewe. Asali ni mchanganyiko wa sukari za asili, hasa fruktosi na glukosi, pamoja na maji. Glukosi inapokuwa nyingi kuliko kiasi ambacho maji yaliyomo yanaweza kuiyeyusha, hujitenga na kuwa chembechembe, na jambo hilo hutokea haraka zaidi kwenye ubaridi wa wastani, karibu na nyuzi 14 za Selisiasi. Asali yenye glukosi nyingi huganda mapema, na yenye fruktosi nyingi huweza kubaki majimaji kwa muda mrefu sana, kwa hiyo maua waliyoyatembelea nyuki ndiyo yanayoamua. Kuganda hakuiharibu asali. Kinachoiharibu ni maji yakizidi, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex Alimentarius, vinataka maji katika asali kwa jumla yasizidi asilimia 20.

Sasa tuandike kwa wasomaji watatu. Kwa mnunuzi wa mjini, maandishi yanaweza kuwa hivi:

"Asali uliyoinunua ikianza kuganda na kuwa na chembechembe, usiitupe wala usidhani umeuziwa iliyotiwa sukari. Asali halisi huweza kuganda, hasa majira ya baridi, na ubora wake haupungui. Ukitaka irudi kuwa majimaji, weka chupa ndani ya sufuria yenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unaweza kuyavumilia, kisha uiache hadi ilainike. Usiichemshe, kwa kuwa moto mkali huondoa harufu na ladha yake. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali yoyote, iwe imeganda au haijaganda."

Kwa warina asali waliokaa pamoja katika kikundi chao, tutaandika hivi:

"Wanunuzi wa mjini wanarudisha asali iliyoganda wakidai imetiwa sukari. Kabla ya kupeleka mzigo, tenganisheni asali ya kila msimu katika ndoo zake na kuandika tarehe ya kurina, ili mnunuzi aambiwe mapema kwamba itaganda. Jambo la kuangalia zaidi ni maji. Sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta angalau robo tatu liachwe mzingani, kwa maana asali yake bado ni changa, nayo itachachia ndani ya ndoo. Ndoo ifunikwe palepale porini, isiachwe wazi usiku, kwa kuwa asali hunyonya unyevu wa hewani."

Na kwa ofisa anayepima maombi ya vikundi:

"Kikundi kinaomba kununuliwa kipimo kimoja cha unyevu wa asali pamoja na mafunzo kwa wapokeaji wawili. Malalamiko ya wanunuzi kuhusu asali kuganda yameshusha bei inayolipwa, ingawa kuganda si dalili ya uchakachuaji. Hatari halisi ya ubora ni maji yanayozidi asilimia 20, kiasi ambacho hakiwezi kutambuliwa kwa macho wakati wa kupokea mzigo. Kipimo hiki kitakiwezesha kikundi kukataa asali changa kabla haijachanganywa na nzuri."

Zitazame aya hizo tatu kwa makini. Onyo kuhusu mtoto limo katika ya kwanza peke yake, na limewekwa kwa sababu nzito: asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu kwa watoto wachanga. Sega lisilofunikwa limetajwa kwa mrina asali tu, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayeweza kuliacha mzingani. Asilimia 20 imeandikwa kwa ofisa, ambaye atailinganisha na kiwango kinachotambulika, lakini mrina asali asiye na kipimo hawezi kuitumia tarakimu hiyo porini. Yeye amepewa alama anayoweza kuiona kwa macho, yaani nta iliyofunika sega. Fruktosi na glukosi hazikutajwa kwa yeyote kati yao. Mwandishi lazima azijue ili asiseme uongo, lakini kuzijua hakumlazimu kuzionyesha.

Niongeze jambo hapa. Mrina asali naye ana wajukuu wachanga nyumbani, na onyo la botulizimu linamhusu. Katika hali hiyo yeye ni msomaji wa pili, mzazi au babu, na mahali pa kumwandikia ni katika maandishi ya wazazi, kwa mfano yale yanayobandikwa kliniki. Ukilichomeka onyo hilo katikati ya maelekezo ya kurina, litapita bila kuonekana.

Hatua ya nne: tumia maneno ambayo msomaji anayatumia kazini

Sikiliza namna wanavyozungumza watu wa kazi hiyo kabla ya kufungua kamusi. Huku Tabora watu hurina asali, hutundika mizinga, huogopa kukata masega yenye majana, na hulalamikia asali inayonuka moshi. Ukiwaandikia kuhusu uvunaji wa mazao ya nyuki watakuelewa, lakini watajua papo hapo kwamba maandishi yametoka ofisini. Vivyo hivyo mkulima wa Urambo hahitaji kuelezwa bani la kukaushia tumbaku ni nini. Maneno haya ya kazi ni mafupi na sahihi, nayo humhakikishia msomaji kwamba unaifahamu kazi yake.

Kwa msomaji asiye wa kazi hiyo, neno la kazi lielezwe ndani ya sentensi yenyewe linapotajwa mara ya kwanza, kisha lisibadilishwe. Andika, kwa mfano: nyuki wanapomaliza kuikausha asali hulifunika sega kwa utando mwembamba wa nta, na sega hilo lililofunikwa ndilo linalostahili kurinwa. Baada ya hapo endelea kulitaja sega lililofunikwa bila kuligeuza kuwa sega lililokomaa, sega lililoiva au sega lililozibwa. Shuleni tulifundishwa kuepuka kurudia neno, na katika insha hilo ni jambo jema. Katika maelekezo ya kazi, majina matatu ya kitu kimoja humfanya msomaji atafute vitu vitatu.

Majina ya miti yanahitaji uangalifu wa pekee. Wazee wengi huijua miti kwa majina ya Kinyamwezi, na mkoani humu wanaishi pia wasemaji wa Kisukuma, Kiha na lugha nyingine, kwa hiyo jina moja la kienyeji halitoshi kwa wote. Ukiandikia kijiji kimoja, tumia jina la pale. Ukiandikia mkoa mzima, liweke jina la Kiswahili kwanza, kisha ueleze umbo la jani au wakati wa kuchanua. Jina la kisayansi, kama Pterocarpus angolensis kwa mninga, ni la ofisa misitu na mtafiti. Kwa seremala na mrina asali, mninga unatosha.

Kuhusu maneno ya mikutano, kama vile mnyororo wa thamani, wadau na kujengewa uwezo, maoni yangu ni kwamba yabaki katika maombi ya fedha na taarifa za miradi, ambako msomaji huyatafuta. Kwa mkulima, sema linalotokea: asali inatoka mzingani, inachujwa, inapimwa, inasafirishwa, inauzwa, na katika kila hatua fulani anapata kiasi fulani.

Hatua ya tano: chagua nafsi na kiwango cha heshima

Kiswahili kinampa mwandishi njia nyingi za kumwagiza mtu, na kila njia humweka mwandishi mahali tofauti mbele ya msomaji. Amri ya moja kwa moja kwa mtu mmoja, kama weka, funika na subiri, inafaa kwa mnunuzi aliyefungua maelekezo kwa hiari yake akitaka jibu la haraka. Amri hiyohiyo ikitoka kwa kijana kwenda kwa wazee wenye mizinga mingi porini, husikika vibaya. Kwa kikundi, wingi hulainisha: tenganisheni, andikeni. Njia iliyo bora zaidi kwa watu wazima wanaokuzidi umri na ujuzi ni kukifanya kitu chenyewe kuwa mtendwa wa sentensi: ndoo ifunikwe, sega liachwe, moshi upunguzwe. Hapo hakuna mzee aliyeamrishwa na mtoto, na kazi imeelezwa kwa ufasaha uleule. Rudi katika mfano wa warina asali hapo juu utaona kwamba njia zote mbili zimetumika.

Nafsi ya sisi ina nguvu kubwa na hatari kubwa. Mrina asali anayewaandikia wenzake, akasema tuache masega machanga mzingani, hupokewa vizuri. Ofisa ambaye hajawahi kutundika mzinga akitumia sisi hiyohiyo hugunduliwa mara moja, na ni heri angesema waziwazi kwamba yeye ni ofisa na amejifunza jambo hili kutoka kwa warina asali wa mahali fulani.

Lugha ya ofisini nayo ina mtego wake. Sentensi zinazoanza na imebainika, inaelekezwa au ilionekana inafaa humficha mtendaji, na ofisa makini atauliza: imebainika na nani? Tunza adabu ya barua rasmi, lakini mtaje aliyepima, aliyelalamika na anayeomba.

Chunga pia wingi wa makatazo. Maelekezo yenye usifanye hivi na usifanye vile kila mstari husomeka kama karipio, na msomaji hubaki akijua yaliyokatazwa bila kujua afanye nini. Hesabu makatazo yako, kisha ugeuze mengi yawe maelekezo: badala ya usitumie moshi mwingi, andika kwamba pumzi chache za moshi mlangoni mwa mzinga zinatosha kuanzia, na nyingine ziongezwe nyuki wakichachamaa. Katazo libaki pale penye hatari ya kweli, kama mtoto mchanga kupewa asali.

Hatua ya sita: vipimo na saa

Hatua hii ni fupi, ila huhusu fedha za watu. Mrina asali huhesabu kwa ndoo ya lita 20. Mnunuzi mkubwa huhesabu kwa kilo. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo iliyojaa ina kilo 28 hivi. Anayedhani kwamba lita 20 ni kilo 20, kama ilivyo kwa maji, hupoteza malipo ya kilo 8 katika kila ndoo. Ukimwandikia mrina asali kuhusu bei, andika vipimo vyote viwili na uionyeshe hesabu yenyewe hadi jibu. Ukimwandikia ofisa, kilo au tani zinatosha. Mnunuzi wa rejareja anataka kujua ujazo wa chupa na bei yake.

Kwa saa, andika saa 2 usiku kwa wenyeji na uweke neno usiku, asubuhi au jioni kila mara. 20:00 ni ya ratiba na wageni. Usizichanganye katika ukurasa mmoja.

Hatua ya saba: pima urefu wa sentensi na mpangilio kwa sikio

Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 kwa redio na vikundi vya kujifunza, kazi kubwa ilikuwa kuwafikia watu waliokusanyika kusikiliza pamoja na kujadiliana. Vifaa vimebadilika, ila usikilizaji wa pamoja haujaisha vijijini kwetu. Maandishi yanayosomwa kwa sauti hayana nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo lazima kila sentensi ijitosheleze.

Kiswahili kina jambo la kuangaliwa hapa, nalo ni upatanisho wa ngeli. Msomaji mwenye karatasi anaweza kurudi kutazama kiambishi kinarejelea nini, lakini msikilizaji hawezi. Chukua sentensi hii: "Mashine na ndoo zikishaoshwa, ikaushwe juani kisha ifunikwe." Ni kipi kinachokaushwa? Mashine na ndoo ziko katika ngeli moja, na sikio halina namna ya kuamua. Mwandishi arudie jina bila aibu: "Mashine na ndoo zioshwe. Ndoo ikaushwe juani, kisha ndoo hiyo ifunikwe." Kwenye karatasi sentensi hizo zinaonekana kurudiarudia, ila masikioni mwa kikundi ziko wazi. Kila unapoandika maelekezo, pitia viambishi vyako kimoja kimoja na ujiulize kama vitu viwili vya ngeli moja vimetajwa karibu karibu.

Sentensi ndefu haikatazwi. Ofisa anayesoma hoja anahitaji sentensi inayobeba sababu na matokeo kwa pamoja, na kuikatakata humfanya aone madai yasiyoshikamana. Mtu anayefanya kazi huku akisikiliza anahitaji tendo moja kwa sentensi.

Mpangilio nao ufuate kazi ya msomaji. Maelekezo ya kurina yafuate mwendo wa kazi, kuanzia maandalizi ya nyumbani hadi ndoo kufungwa, wala yasirudi nyuma kwa kusema kwamba kabla ya hapo mlipaswa kuosha vyombo. Ombi kwa ofisa lianze na kinachoombwa, kama mfano wetu ulivyofanya. Mnunuzi aanze kwa kuondolewa hofu, ndipo aelekezwe. Ukibadilisha mpangilio huo, hata maneno mazuri hayatafanya kazi yake, kwa kuwa mnunuzi mwenye wasiwasi hasomi maelezo ya namna ya kulainisha asali anayoiamini kuwa feki.

Hatua ya nane: mpe msomaji mwenyewe aijaribu

Usimpe mwandishi mwenzako, wala usimpe mwalimu wa lugha kwanza. Yeye atasahihisha herufi. Mtafute mtu mmoja wa aina uliyoikusudia na umsikilize akisoma kwa sauti. Weka alama pale anaposita, anaporudia, au anapobadilisha neno lako akatamka la kwake. Neno alilolibadilisha bila kujua mara nyingi ndilo lililopaswa kuandikwa.

Akimaliza, usimwulize kama ameelewa. Kwetu swali hilo lina jibu moja, ndiyo, kwa sababu ya adabu na kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana mjinga. Mwulize jambo litakalomfanya ayatumie maandishi: mzee, jirani yako akikuuliza ni sega lipi aliache mzingani, utamwambia nini? Kwa mnunuzi, uliza: dada, chupa hii ikiganda wiki ijayo utafanya nini? Akijibu sivyo, mshukuru na urekebishe maandishi, wala usianze kumfafanulia kwa mdomo, kwa kuwa maandishi yatakapomfikia msomaji mwingine wewe hutakuwepo.

Kwa ofisa, ambaye huwezi kumkalia mezani, mpe mtu mwingine mwenye shughuli nyingi aya ya kwanza peke yake, kisha umwulize ni kitu gani kinachoombwa na kwa nini.

Hatua ya tisa: pale ambapo wasomaji wawili hawawezi kutenganishwa

Wakati mwingine nafasi ni moja tu, kwa mfano karatasi inayobandikwa kwenye chupa, ambayo itasomwa na mwenye duka, mnunuzi na mkaguzi. Ukijaribu kuwaridhisha wote kwa sentensi moja, utapata maneno yasiyomfaa yeyote. Amua ni nani atakayedhurika zaidi asipoelewa, umwandikie huyo kwanza na kwa herufi kubwa. Katika chupa ya asali, huyo ni mzazi wa mtoto mchanga. Maelezo ya kuganda yafuate, kisha tarehe ya kufungasha, ujazo, mahali ilikotoka na taarifa nyingine zinazotakiwa na mamlaka.

Maandishi ya msomaji mmoja pia hufika kwa mwingine ambaye hakukusudiwa. Mnunuzi anaweza kuyaona maelekezo uliyowaandikia warina asali, ofisa akasoma maelezo ya dukani. Hakuna ubaya wowote endapo ukweli ni mmoja katika yote. Ubaya hutokea pale mnunuzi anapoambiwa kwamba asali yote hutoka kwenye masega yaliyofunikwa, huku warina asali wakiandikiwa kwamba asali changa inapokelewa kwa wingi. Hapo tofauti si ya mtindo tena, na kikundi kikishagundulika hivyo hakuna uandishi utakaorudisha imani ya wateja.

Kwa sababu hiyo, tunza daftari au faili moja lenye ukweli wote wa jambo lako: viwango, vipimo, tarehe, majina ya miti, na sentensi ile moja ya hatua ya pili. Kila nakala unayoiandika, ya mrina asali, ya mnunuzi au ya ofisa, iandikwe kutoka hapo na iwekewe tarehe. Kiwango kikibadilika au kikundi kikinunua kipimo kipya, rekebisha daftari kwanza, kisha uzifungue nakala zote siku hiyohiyo, ukianza na ile inayosomwa na watu wanaokwenda porini.